Ulipie kozi ya intavyuu za koodi au usilipie? Amua hivi

Juzi usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanipigia anaomba nimkopeshe laki nne alipie mwaka mzima wa LeetCode, ile saiti ya kufanyia mazoezi maswali ya intavyuu za koodi, na alikuwa na haraka kweli, anasema wenzake wote aliomaliza nao chuo wameshalipia. Nikamuuliza, umeitwa intavyuu wapi? Kimya. Hajaitwa popote, katuma maombi kama ishirini na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Sasa hapo laki nne inaenda kutibu nini? Tuliongea karibu saa nzima, mwisho hakulipia, ila nikajua wako wengi kama yeye, maana hata mimi mwaka 2021 nilitoa zaidi ya dola mia mbili kwa kozi ya video ambayo haikugusa kabisa kile kilichokuwa kinaniangusha. Kwa hiyo naandika hapa yote niliyomwambia, yeyote anayefikiria kutoa hela ayasome kwanza.

Msimamo wangu niuseme mapema. Maarifa ya hizi intavyuu yako bure, na ya bure mengi ni mazuri kuliko yanayouzwa. Kinachofaa kulipiwa ni mtu wa kukusikiliza wakati unafikiri halafu akwambie ukweli. Na hata huyo usimlipe kabla hujajua unaangukia wapi.

Unaangukia wapi?

Chukua daftari, andika kazi zote ulizoomba miezi sita iliyopita, na mbele ya kila moja andika iliishia wapi. Hawakujibu kabisa. Walikutumia mtihani wa koodi wa mtandaoni, wa HackerRank au Codility, ukashindwa. Ulifika kwa mtu, ukaongea naye dakika arobaini na tano, ukaambiwa tutakutafuta. Ulienda mpaka raundi ya mwisho ukakwamia kwenye sistimu dizaini, yaani kueleza mfumo mkubwa utaujengaje, au kwenye maswali ya tuambie siku uliyogombana na mwenzako kazini.

Kila jibu hapo lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu lingine. Kama hawakujibu, shida ni sivii, au projekti zako hazionekani, au unaomba kazi zinazotaka miaka mitano wakati wewe una mmoja, na hakuna kozi ya algorithimu, yaani njia za kutatua tatizo hatua kwa hatua, itakayobadilisha hilo. Huyo mdogo wangu GitHub yake, pale madevelopa wanapoweka koodi zao watu wazione, ilikuwa na projekti moja ya chuo haina hata maelezo ya namna ya kuiwasha. Kazi yake ya mwezi huu ni kuandika yale maelezo na kumwomba mtu mmoja aliyeko kazini aisome sivii yake, gharama yake ni bando na soda.

Halafu uliza intavyuu yenyewe ikoje. Watu wanaogopa kuuliza hili sijui kwa nini, rikruta, yule anayeitafutia kampuni watu, akikutumia barua pepe mjibu tu kwa heshima kwamba ungependa kujua hatua ziko ngapi na kila hatua inapima nini, wengi wanajibu vizuri kabisa. Maana sio kila kampuni inauliza mambo ya LeetCode. Intavyuu nilizofanya mimi hapa Dar, mbili za kampuni za malipo na moja ya benki, hakuna aliyeniuliza mti wala grafu, zile namna za kupanga data kwenye maswali ya algorithimu. Waliniuliza SQL, ile lugha ya kuulizia data kwenye databesi, waliniuliza mfumo wako umetuma ombi la malipo kwa mtandao wa simu na jibu halijarudi, unafanyaje mteja asikatwe hela mara mbili, na mmoja alinipa projekti ya kufanya nyumbani siku tatu. Ningekuwa nimelipia kozi ya algorithimu kwa ajili ya hizo tatu ningekuwa nimetupa hela.

Ila kama unalenga Microsoft, ambao walifungua kituo chao cha maendeleo Nairobi mwaka 2019, au Google, ambao walitangaza cha kwao Nairobi mwaka 2022, au kampuni za rimoti za Marekani na Ulaya, hapo algorithimu utakutana nazo na usijidanganye kwamba uzoefu wako wa kazi utakuokoa. Mwaka 2015 Max Howell, yule aliyeandika Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine, inayotumiwa na madevelopa wengi wenye kompyuta za Mac, aliandika hadharani kwamba Google walimkataa kwa sababu alishindwa kugeuza ubaoni mti wa bainari, ule ambao kila kituo kina matawi yasiyozidi mawili, wakati wahandisi wao wenyewe wanatumia programu yake. Unaweza kuona ni uonevu au usione, ila jambo moja liko wazi, kufanya kazi vizuri na kufanya intavyuu vizuri ni ujuzi mbili tofauti, na huu wa pili unajifunzwa kwa mazoezi yake wenyewe.

Wiki mbili za bure kabla ya shilingi yoyote

Hii ndo sehemu ninayoiamini kuliko zote, naomba usiiruke.

Siku kumi na nne, saa moja na nusu kila siku. Maswali chukua kwenye ile orodha inaitwa Blind 75, ni maswali 75 tu yaliyochaguliwa, au NeetCode 150 ambayo imeiongezea yafike 150, na video za kuelezea majibu ziko YouTube bure. LeetCode ina maswali zaidi ya elfu tatu, usiingie humo bila orodha utapotea, mtu anafanya maswali mia tatu ya aina moja na bado anaona hajui. Anza na mepesi.

Kila swali jipe dakika 35, weka alamu kwenye simu. Ikilia hujapata, fungua maelezo, yaelewe, funga, andika koodi mwenyewe bila kuangalia. Halafu kwenye daftari andika tarehe, na baada ya siku tatu rudia swali lile lile toka mwanzo. Huku kurudia ndo kunakoonyesha kama umeelewa au umekariri.

Nitoe mfano ili tuelewane, lile swali maarufu la namba mbili zinazofikia jumla fulani. Fikiria duka lina bidhaa elfu kumi, mteja ana hela kamili mkononi na anataka bidhaa mbili zitakazoimaliza yote bila chenji. Njia ya kwanza inayokuja kichwani ni kuchukua kila bidhaa na kuijaribu na kila nyingine, hizo ni jozi karibu milioni hamsini. Njia ya pili, unapita mara moja tu, ukifika kwenye bidhaa ya 3,000 na mteja ana 10,000 unajiuliza ile ya 7,000 nimeshaiona? Bei ulizoziona unazitunza kwenye hashi mapu, ambayo kuuliza kama kitu kimo ni haraka hata kiwe na vitu vingi. Milioni hamsini imeshuka kuwa hatua elfu kumi, na gharama yake ni kumbukumbu kidogo ya kompyuta. Ukiweza kumwelezea mtu hivyo, kwa maneno yako, na ukamwambia umetoa nini ili upate nini, hilo swali umelijua. Hayo mambo ya Big O wanayouliza, yaani kazi inaongezeka vipi data ikiongezeka, ni hesabu hiyo hiyo.

Siku ya kumi na nne lisome daftari lako. Wala usijihukumu, lisome tu kama unavyosoma logi za seva, zile kumbukumbu za nini kilitokea.

Kama umekaa siku nne kati ya kumi na nne, tatizo ni ratiba, na hapo hata ukilipia video zitakaa zinakusubiri. Nawajua wanaosema nikilipa nitaogopa kupoteza hela nitasoma. Mimi nililipa na sikusoma. Kilichonisaidia baadaye kilikuwa kikundi cha watu watatu, tunakutana Jumamosi saa tatu asubuhi, kila mtu analeta swali moja analieleza mbele ya wenzake, na ukikosa unapigiwa simu. Tafuta wawili tu, wa darasani kwenu au wa kazini.

Kama umekaa siku zote lakini hata maelezo ukisoma huelewi, hashi mapu inafanyaje kazi huelewi, rikashoni, koodi inayojiita yenyewe, inakuchanganya, basi umekosa msingi, na kozi za intavyuu nyingi zinaanza zikidhani msingi unao. Msingi uko bure na unafundishwa na watu wakubwa kwelikweli. MIT wameweka mihadhara yote ya somo lao la 6.006 la algorithimu mtandaoni, video, maelezo na mazoezi. Princeton wana kozi ya Robert Sedgewick na Kevin Wayne kwenye saiti ya kozi ya Coursera ambayo ni bure toka mwanzo mpaka mwisho, cheti tu ndo haitoi, na cheti kwenye intavyuu hakuna atakayekiuliza. Kama ni mgeni zaidi anza na CS50, kozi ya Harvard ya wanaoanza kompyuta. Hapa utahitaji miezi mitatu minne na hakuna njia ya mkato, pole ila ni hivyo. Kama una hela na unaona huwezi kujifunza peke yako, bora umlipe mtu wa hapa hapa akufundishe ana kwa ana mara moja kwa wiki.

Kama unatatua mwenyewe vizuri, maswali mepesi dakika kumi na tano, ya kati dakika thelathini, na ukienda mbele ya mtu unapotea, basi wewe ndo wa kulipa. Nitarudi kwako sasa hivi.

Na kama unatatua na unaongea vizuri, funga daftari uombe kazi.

Kunyamaza mbele ya mtu

Nimekaa upande wa pili wa meza miaka miwili sasa, nawafanyia watu usaili, na vijana wengi wanaoanguka kwangu koodi wanaijua. Wananyamaza. Unampa swali, anaangalia skrini dakika nane bila neno, halafu anaanza kuandika, halafu anafuta, na mimi sijui kichwani kwake kuna nini hata nimsaidie. Mwingine anajua kabisa, na namwona anajua, ila Kiingereza kinamkatikia katikati ya sentensi.

Hili la lugha kozi nyingi haziligusi kwa sababu zimetengenezwa na watu ambao Kiingereza ni cha nyumbani kwao. Sisi tumesoma sekondari kwa Kiingereza cha kuandika kwenye mitihani, tukifikiri jambo gumu tunalifikiri kwa Kiswahili, na ndani ya intavyuu unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kutatua na kutafsiri. Mimi ndo kilichokuwa kinaniangusha hicho, na ile kozi ya dola mia mbili ilikuwa saa arobaini za mtu mwingine kuongea.

Zoezi lake ni la bure. Washa kinasa sauti cha simu, chukua swali ambalo ulishalitatua, lieleze kwa sauti kwa Kiswahili kwanza mpaka linyooke. Kisha lieleze kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Nini nimeelewa kwenye swali. Namuuliza nini anayenisaili, mfano orodha ikiwa tupu nirudishe nini, namba hasi zipo? Njia ya kwanza rahisi ni ipi na kwa nini ni ya polepole. Njia bora ni ipi. Ndo uandike koodi huku unasema unachoandika, mwishoni upitie na mfano mdogo mstari kwa mstari. Halafu sikiliza ulichorekodi. Mara ya kwanza ni ngumu kujisikiliza, nakuelewa, ila utasikia mwenyewe pale unapokwama ni palepale kila siku, na maneno unayoyakosa ni kama kumi na tano tu. Yaandike, yazoee.

Fanya hivyo kwa maswali kumi. Ukishamaliza hapo ndo utafute binadamu, na huyu ndo nasema analipika. Kuna saiti kama interviewing.io ambako unafanyiwa intavyuu ya mazoezi na mhandisi aliyewahi kusaili kwenye kampuni kubwa na mwisho anakwambia angekupitisha au la na kwa nini. Ni ghali, kwa mshahara wa hapa kwetu ni ghali sana, kwa hiyo kama una intavyuu halisi yenye tarehe na ni kazi ya kubadilisha maisha, moja au mbili zinatosha. Kama huna hizo hela, mtafute kaka au dada aliyeko kwenye kampuni kama hizo, mwandikie kwa adabu, mwombe dakika 45 na umwambie swali atalichagua yeye. Wengi watakaa kimya, ila mmoja akikubali umepata kitu kinachouzwa laki kadhaa.

Hesabu ya hela

LeetCode ya kulipia ni kama dola 35 kwa mwezi au 159 kwa mwaka, angalia bei ya siku hiyo kabla hujalipa. Ukipiga dola kwa 2,600 hiyo ya mwaka inazidi laki nne, na ya mwezi ni elfu tisini na moja. Unapata nini cha ziada? Maswali yaliyofungwa na, kubwa zaidi, orodha ya maswali yanayosemekana kuulizwa na kampuni fulani karibuni. Hiyo orodha ina maana kama kampuni imeshakuita. Kama hujaitwa haina kazi. Kwa hiyo ushauri wangu usiguse ya mwaka, subiri uitwe, lipia mwezi mmoja, fanya maswali ya kampuni hiyo, funga.

Usikope kwa ajili ya kozi. Hela ya kodi ya nyumba usiiguse. Na kuna wale wanaouza akaunti za watu Telegram kwa elfu kumi, mimi sikushauri, ukiacha kwamba ni wizi, rafiki yangu alinunua na siku ya nne nenosiri likabadilishwa, na intavyuu yake ilikuwa ya wiki ile ile.

Muuzaji mchunguze

Kama umefika hapa na bado unaona kozi inakufaa, omba somo moja la bure ulitazame lote. Angalia mwalimu kama anafika mwenyewe kwenye jibu akiwa anafikiri mbele yako au anasoma jibu lililokwisha andikwa, wa pili huyo mwache. Angalia kozi ilisasishwa lini, kwa sababu mambo yanabadilika, mwaka 2025 Canva, ile kampuni ya Australia, walitangaza kwamba kwenye usaili wao wa madevelopa wanataka mtu atumie akili bandia, sasa kozi ya miaka sita nyuma haitakuandaa kwa hilo. Soma masharti ya kurudishiwa hela, siku ngapi, na kama ukishatazama robo ya video unapoteza haki.

Na anayekuahidi kazi, simama hapo hapo. Kulikuwa na shule Marekani ikiitwa Lambda School, baadaye ikajiita BloomTech, ilikuwa inafundisha watu programu kwa makubaliano kwamba utalipa ukishapata kazi, asilimia 17 ya mshahara mpaka ufikishe dola 30,000. Walitangaza kwamba wanaopata kazi wanafika asilimia 86. Aprili 2024 shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja wa huduma za fedha, CFPB, likatoa amri dhidi yao, likasema takwimu zao wenyewe za ndani zilikuwa karibu na 50 na kuna makundi yalishuka mpaka 30, na kwamba yale makubaliano yalikuwa mkopo kamili wenye gharama yake ambayo wanafunzi hawakuambiwa. Wakapigwa marufuku kukopesha. Huko kuna chombo cha kuwafuatilia. Huku ukisaini mkataba wa kukatwa mshahara na mtu uliyemkuta Instagram utamfuata wapi? Kwa hiyo mkataba wowote wa kulipa baadaye uusome wote, uliza ukipata kazi isiyohusiana na programu unalipa? ukikaa mwaka bila kazi je? jumla ya juu kabisa ni shilingi ngapi? Majibu yawe kwa maandishi. Takwimu za waliopata kazi uliza ni wangapi kati ya wangapi, na ndani ya miezi mingapi, na uombe kuongea na wawili waliomaliza ambao hawakuchaguliwa na muuzaji mwenyewe.

Ukiamua kulipa

Panga kwanza ndo ulipe. Kabla ya kutoa hela andika kwenye kalenda saa utakazokaa, kila siku, mpaka tarehe ya intavyuu, na uwe na orodha ya maswali tayari, kwa sababu saa ya mwezi inaanza kuhesabu dakika unayolipa na siku tatu za mwanzo watu wengi wanazimaliza kwa kuzunguka tu ndani ya saiti. Tumia kadi ya mtandaoni ya simu na uiwekee kiasi kile kile cha mwezi mmoja tu, usiunganishe kadi ya mshahara. Saiti nyingi zinajilipisha zenyewe mwezi ukiisha, kwa hiyo ukishalipa tu nenda kwenye mipangilio ufute kuendelea siku hiyo hiyo, mara nyingi unaendelea kutumia mpaka mwezi wako uishe, ila soma wanavyosema. Na uchukue picha ya skrini ile inayoonyesha umefuta, na barua pepe yao usiifute, mimi nilishawahi kukatwa mwezi wa pili na kilichonirudishia hela ni ile picha.

Mdogo wangu yuko siku ya sita ya daftari. Jana kanitumia sauti ya dakika nne anaelezea swali la mabano yanayofungana, Kiingereza kinamkatika sehemu mbili, nimemwandikia zote mbili na kumwambia arekodi tena kesho.